Studio ya Nyumbani Yahitaji Elimu, Si Kisanduku Peke Yake

Apitaye Remera wakati wa jioni, akitoka Gisimenti kuelekea Giporoso kwa njia za nyuma, hatakosa kusikia, kutoka katika dirisha lililozibwa kwa blanketi, sauti ya kijana akirudia ubeti mmoja mara kumi. Kijana huyo hafanyi mazoezi ya kwaya, wala hajifurahishi tu baada ya kazi. Anarekodi. Mbele yake ipo kompyuta ya mpakato. Kando yake ipo maikrofoni juu ya mguu wa chuma. Na baina ya hivyo viwili kipo kisanduku kidogo, ukubwa wake kama kitabu cha hadithi, chenye vitufe viwili vitatu vya kuzungusha na taa chache. Vijana hukiita intafesi; mafundi wengine hukiita saundi kadi ya nje. Kazi yake ni kuipokea sauti kutoka katika maikrofoni au gitaa, kuigeuza kuwa tarakimu ambazo kompyuta yaweza kuzihifadhi, kisha kuzirudisha tarakimu hizo ziwe sauti tena masikioni mwa msikilizaji.

Sisi twaliona jambo hili kuwa la heri kubwa. Kwa muda mrefu sauti za watu wetu zilinaswa na mwenye chombo, na mwenye chombo hakuwa mwimbaji. Katika safari ya mwaka 1907 na 1908, mtaalamu Jan Czekanowski, aliyefuatana na msafara wa Kijerumani, alizinasa nyimbo za Rwanda katika silinda za nta, na silinda hizo zikaenda Berlin. Mwaka 1952 alifika Hugh Tracey na mitambo yake, akazinasa ngoma za Mwami pamoja na nyimbo za watu wa kawaida. Kanda zake zimehifadhiwa Afrika ya Kusini. Majirani zetu wa Tanzania nao, katika miaka ya 1970, bendi zao kubwa zilingoja zamu ya kurekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, au zikafunga safari hadi Nairobi kutafuta santuri. Mwaka 2021 Jumba la Makumbusho ya Afrika lililoko Tervuren, nchini Ubelgiji, liliikabidhi Rwanda nakala za nyimbo zaidi ya 4,000 zilizonaswa hapa kwetu katika miaka iliyopita. Twashukuru kuzipata. Lakini ni nani asiyeona kwamba lingekuwa jambo bora zaidi kama nyimbo hizo zingenaswa na wenyewe, zikawekwa na wenyewe, na kutolewa nakala na wenyewe?

Leo jambo hilo limewezekana. Kisanduku tunachokisema hakizidi bei ya simu nyingi ambazo watu hubeba mifukoni. Programu za kurekodi zipo, na nyingine, kama Audacity, hutolewa bure kabisa. Umeme upo. Waimbaji wapo. Hata hivyo, katika yale tuliyoyasikia kwa masikio yetu, kazi nyingi zinazotoka katika vyumba hivi ni mbovu: nyingine zinakwaruza, nyingine zina mvumo wa umeme, nyingine zina mwangwi kama wa bafuni. Watu husema kwamba sababu ni umaskini wa vifaa. Sisi twasema hapana. Sababu ni kukosa elimu ya mambo machache sana, ambayo mtu mwenye akili timamu aweza kuyajua kwa siku moja. Na hatusemi haya kwa kujitukuza, maana sisi wenyewe tulishiriki katika kosa ambalo halitasahihishwa tena.

INANGA ILIYOPOTEA

Mwaka uliopita tulialikwa katika chumba kimoja cha namna hiyo, si mbali na Uwanja wa Amahoro. Kijana mwenye chumba alikuwa amemleta kutoka kijijini babu yake, mzee mpiga inanga, ambaye tangu ujana wake alijulikana katika kilima chao kwa masimulizi ya ng'ombe na ya mashujaa. Mzee alikuwa amevaa kofia yake nzuri na koti. Aliketi kitini, akaipakata inanga, akazikaza nyuzi zake taratibu bila haraka yoyote.

"Babu, uko tayari?" kijana akauliza.

"Mimi niko tayari tangu asubuhi, mjukuu wangu. Kiulize chombo chako."

Alipoanza kupiga, sauti ya inanga ilikuwa ndogo, kama ilivyo desturi ya chombo hicho. Sisi tuliokuwa na umri mkubwa kuliko kijana, tukiwa tumevaa hedifoni, tuliona kwamba sauti haitoshi. Tukamwambia aongeze. Kijana, kwa heshima, akajibu, "Ndiyo, Mzee," akazungusha kitufe. Tukamwambia aongeze tena; akaongeza. Kisha mzee akaingia katika sehemu ya kusifu, akazipiga nyuzi kwa nguvu na kupaza sauti yake, na taa ya kijani katika kisanduku ikageuka kuwa nyekundu. Tuliiona taa hiyo. Tulidhani ni ishara ya kwamba chombo kinafanya kazi vizuri.

Nyimbo nne zilirekodiwa namna hiyo. Kesho yake tulipoketi kuzisikiliza kwa utulivu, kila mahali ambapo mzee alipaza sauti palisikika mkwaruzo kama wa karatasi inayochanwa. Tulimpelekea fundi, fundi akajaribu kwa siku mbili, akasema kwamba kilichokatika hakiungiki. Mzee alikuwa ameshapanda basi kurudi kwao. Tukasema atakuja tena baada ya mavuno. Alifariki kabla ya mavuno, na katika ukoo wake hakuna mwingine aliyezijua nyimbo mbili kati ya zile nne.

Kwa nini tulisema "ongeza"? Kwa sababu tulijifunza kurekodi katika zama za kanda. Kanda ya sumaku ina mvumo wake wa asili, na mtu aliyerekodi sauti kwa udhifu aliukuta mvumo huo umeimeza sauti. Kwa hiyo fundi wa zamani aliisukuma sauti juu, na kanda, ikiwa imezidiwa kidogo, ilivumilia. Kompyuta haivumilii. Katika hesabu ya kompyuta, sifuri ni dari, na viwango vyote vya sauti huhesabiwa kuteremka kutoka darini kwa kipimo cha desibeli. Sauti ikiligonga dari hukatwa kichwa, na sehemu iliyokatwa haihifadhiwi mahali popote. Kinyume chake, chombo cha sasa kinachorekodi kwa biti 24 kina nafasi kubwa mno chini ya dari hilo: kwa hesabu ni desibeli 144, ambapo biti 16 za sahani ya CD ni desibeli 96. Kwa hiyo hapana haja yoyote ya kuikimbilia taa nyekundu. Sauti iliyoingia ndogo yaweza kukuzwa baadaye. Sauti iliyokatwa haiponi.

Ndiyo maana twasema kwamba hekima ya jana, ikipelekwa mahali pasipokuwa pake, yaweza kuharibu kazi ya leo. Sisi wazee tulikuwa na sauti chumbani mle, wala hatukuwa na elimu. Kijana alikuwa na chombo, wala hakuwa na elimu. Aliyekuwa na elimu yake kamili ni mzee wa inanga peke yake, na yeye ndiye aliyepata hasara.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa kuwa kulalamika peke yake hakumfundishi mtu, yatupasa kuyaeleza mambo yenyewe kwa utaratibu, ili kila mwenye kisanduku, au anayekusudia kukinunua, aweze kujipima.

Kwanza, kisanduku kitambulishwe kwa kompyuta kabla ya kazi, wala si mwimbaji akiwa amekwisha kuketi. Kompyuta nyingi za Windows zahitaji programu ndogo ya kuendesha chombo, ambayo mafundi huiita draiva, nayo yapatikana kwa mtengenezaji wa chombo chenyewe. Yafaa iwekwe kwanza, kompyuta izimwe na kuwashwa tena, ndipo waya wa USB uchomekwe, tena moja kwa moja katika kompyuta, si kupitia kigawanyaji cha bei nafuu kinachogawana umeme na vitu vingine. Kisha katika programu ya kurekodi achague jina la kisanduku kile, kwa kuingiza sauti na kwa kuitoa pia. Wengi huliruka jambo hili, wakarekodi saa nzima kwa maikrofoni ndogo iliyomo ndani ya kompyuta, huku ile maikrofoni nzuri waliyoinunua ikisimama mbele yao kama pambo.

Pili, vipimo vya kisanduku na vya programu vilingane. Kompyuta huipima sauti mara nyingi kwa kila sekunde: mara 44,100 kwa desturi ya sahani za CD, au mara 48,000 kwa desturi ya filamu na video. Chochote kitakachochaguliwa kichaguliwe pande zote mbili. Pasipokuwa na mapatano, sauti huja na vishindo vidogo vidogo, au wimbo hukimbia na kupanda juu, au huburuta na kushuka, na mwimbaji hujiona kana kwamba ameimba vibaya.

Tatu, ajue maikrofoni aliyonayo. Ile ya kondensa, ambayo husikia mambo madogo madogo na hufaa sana kwa inanga, hudai umeme wa volti 48, ambao kisanduku huupeleka kwa waya ule ule wa pini tatu. Utaratibu mwema ni kuchomeka waya kwanza, kuteremsha sauti ya hedifoni na ya spika, ndipo kubonyeza kitufe cha volti 48. Na wakati wa kumaliza, kukizima kwanza kitufe hicho ndipo kuchomoa waya. Maikrofoni ya dainamiki, ile ya jukwaani, haihitaji umeme huo. Gitaa la umeme nalo lina mlango wake au kitufe chake katika kisanduku. Likichomekwa bila kukibonyeza, husikika dhaifu na lisilo na uhai.

Nne, na hapa ndipo tulipoanguka sisi, kiwango cha sauti kipimwe kwa sehemu iliyo kali kuliko zote. Mwimbaji asiombwe kusema "moja, mbili, tatu," kwani hakuna aimbaye hivyo. Aombwe kuimba pale anapopaza, na mpiga inanga aombwe kupiga pale anapopiga kwa nguvu zote. Kitufe kiwekwe hapo, kilele cha sauti kikiwa desibeli kumi au kumi na mbili chini ya sifuri. Baada ya hapo kisiguswe. Mtu akiona kwamba hasikii vizuri, aongeze sauti ya hedifoni zake, ambayo ina kitufe cha peke yake, wala asiiongeze sauti inayoingia. Vitufe hivi viwili hufanana kwa sura, nasi tulivichanganya.

Tano, asishangazwe na kuchelewa kwa sauti. Kompyuta haitoi sauti papo hapo; hukusanya vipimo kadhaa kwanza, ndipo huvishughulikia. Ikikusanya vipimo 256 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde, sauti huchelewa kiasi cha elfu tano za sekunde, yaani sawa na kumsikia mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwako. Ikikusanya 1,024, kuchelewa huongezeka mara nne, tena huko ni kuingia tu, kabla ya kutoka. Hapo mwimbaji hujisikia akifuatwa na sauti yake mwenyewe, akapotea katika mapigo. Dawa ipo: visanduku vingi vina swichi ya kumwezesha mwimbaji kujisikia moja kwa moja, kabla sauti haijapita katika kompyuta. Itumike wakati wa kurekodi. Wakati wa kuchanganya sauti baadaye, idadi ya vipimo iongezwe, ili kompyuta ipate nafasi ya kupumua.

Sita, ni umeme. Mvumo unaosikika chini ya nyimbo nyingi ni mvumo wa umeme wa majumbani wenye mapigo 50 kwa sekunde, unaoingia kwa nyaya mbovu au kwa soketi zisizokuwa na waya wa ardhini. Kabla ya kulaumu maikrofoni, mtu achomoe chaja ya kompyuta arekodi kwa betri, kisha asikilize. Mara nyingi mvumo hutoweka papo hapo. Aidha, wakati wa masika, radi zinapoanza kunguruma, vyombo vyote vichomolewe, kwa sababu hakuna wimbo wenye thamani ya kuunguza kompyuta.

CHUMBA NI CHOMBO

Sasa tuje katika chumba chenyewe. Nyumba zetu za Remera zina kuta za saruji na sakafu za vigae; ni nzuri kwa kukaa na mbaya kwa kurekodi, kwa kuwa sauti hugonga ukuta ikarudi. Hapana haja ya kununua sponji za bei kubwa kutoka ng'ambo. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, blanketi nzito dirishani, nguo zilizotundikwa na mkeka sakafuni hupunguza mwangwi kwa kiasi kikubwa. Maikrofoni isikae katikati kabisa ya chumba wala isisogezwe ukutani. Kwa inanga, iwekwe kiasi cha sentimita 30 hivi kutoka katika nyuzi, na kwa kuwa visanduku vingi vina milango miwili, maikrofoni ya pili ipewe sauti ya mwimbaji.

Halafu kuna kelele za mtaa, ambazo kila mkazi azijua: pikipiki, baa, mechi za Amahoro, na ndege ziendazo Kanombe. Mvua ikinyesha juu ya mabati hapana kurekodi, hata kwa chombo cha mamilioni. Wenye busara hurekodi alfajiri. Kijana mmoja alitueleza kwamba asubuhi iliyo tulivu kuliko zote ni ile ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu magari ni machache. Tulimkumbusha kwamba asubuhi hiyo ni ya umuganda, na kwamba utulivu huo unatokana na wenzake walioshika majembe. Alicheka, nasi twatumaini kwamba alielewa.

HOJA ZA WANAOPINGA

Wapo wanaosema: kwa nini mashaka yote haya, na hali simu inarekodi? Twajibu kwamba simu ni bora kuliko kutokuwa na kitu. Kama bibi yako anaimba leo na kisanduku huna, toa simu, iweke juu ya kitambaa, urekodi leo hii. Lakini simu nyingi hupandisha na kuteremsha sauti zenyewe, bila kumwuliza mwenye kuimba. Pale mpiga inanga anapopunguza ili wasikilizaji wainame kumsikiliza, simu hupandisha, na pale anapowashtua, simu huteremsha. Ufundi wake wa kupanda na kushuka hufutwa, na kinachobaki ni maneno.

Wengine husema: kazi hii waachiwe wenye studio kubwa. Hatuna ugomvi na studio. Zina mafundi hodari, na wimbo wa kwenda sokoni wastahili kupelekwa huko. Lakini studio hulipwa kwa saa, na mzee wa miaka themanini hawezi kuimba huku akiangalia saa. Kumtoa kijijini ni gharama na ni uchovu. Hata Hugh Tracey, pamoja na mitambo yake mizito, aliwafuata wenye nyimbo mahali walipo, akaishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe karibu nao. Leo mitambo hiyo yote yaingia katika mkoba wa mwanafunzi. Kama yeye aliweza kufika na lori, sisi tutashindwaje kufika kwa basi?

Wapo pia wanaosema kwamba vijana wanataka muziki wa kisasa, na kwamba habari za inanga ni za makumbusho. Hoja hiyo haina nguvu. Kanuni tulizozieleza ni zile zile kwa mwimbaji wa kizazi kipya na kwa mpiga inanga. Taa nyekundu haiulizi umri. Tena mfano upo. Sophie Nzayisenga alifundishwa inanga na baba yake, Thomas Kirusu, tangu utotoni, akaipeleka katika majukwaa ya dunia katika zama ambazo wengi walidhani kwamba ni chombo cha wazee wa kiume tu. Mwezi Desemba 2024 UNESCO iliiingiza ngoma ya Intore katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Dunia haijauchoka muziki wetu. Tutakaouchoka ni sisi, tukiuhifadhi vibaya.

Na katika nchi hii tunayo sababu nyingine, nzito kuliko hizo zote. Cyprien Rugamba aliuawa pamoja na mkewe na baadhi ya watoto wao tarehe 7 Aprili 1994, mwanzoni mwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. André Sebanani wa Orchestre Impala aliuawa mwaka huo huo. Sauti zao twazisikia hata sasa kwa sababu ziliwahi kunaswa. Lakini waliouawa hawakuwa watu mashuhuri peke yao. Walikuwamo wapiga inanga, wapiga umuduri, na akina mama walioimba nyimbo za kubembeleza watoto, ambao hakuna aliyewahi kuwawekea maikrofoni. Hatutazisikia sauti hizo. Kwa hiyo, pale ambapo mzee mmoja amebaki, na kumbukumbu yake ikabaki naye, kumrekodi vibaya kwa uzembe si jambo dogo.

TUFANYE NINI?

Sisi twapendekeza mambo manne.

La kwanza, elimu itangulie kununua. Vijana wanaokusanya fedha zao katika vikundi vya kuweka na kukopa wanunue kisanduku kimoja cha pamoja badala ya vitano vibovu, na wajiwekee kanuni kwamba hakichukui mtu mpaka ameonyesha kwamba aweza kupima kiwango na kurekodi dakika moja safi. Wahitimu wa chuo cha muziki kilichofunguliwa Nyundo mwaka 2014, na baadaye kuhamia Muhanga, wamo miongoni mwetu mjini. Waombwe kuwafundisha wenzao, hata kwa Jumapili moja katika mwezi. Elimu hii haimalizwi kwa kugawiwa.

La pili, kila umurenge, kuanzia na Remera, uwe na seti moja ya kuazimwa: kisanduku, maikrofoni mbili, nyaya, hedifoni na miguu ya kusimamishia. Familia yenye mzee mwenye nyimbo au masimulizi iweze kuiazima kwa siku mbili, ikiandamana na kijana mwenye kujua kuitumia. Shule zetu huwa na maktaba za vitabu vya kuazima. Sioni, wala wenzangu hawaoni, ni kwa nini kusiwe na maktaba ya vyombo.

La tatu, kilichorekodiwa kitunzwe. Saa moja ya sauti ya maikrofoni moja, kwa biti 24 na vipimo 48,000, huchukua kiasi cha megabaiti 520. Hata kadi ndogo ya kumbukumbu hubeba saa nyingi. Kwa hiyo hapana sababu ya kuibana sauti ya asili ili kuokoa nafasi. Nakala iliyobanwa ni ya kutumiana. Ya asili iwekwe mahali patatu, na mojawapo iwe nje ya nyumba hiyo. Tena kila faili liandikwe jina la mwimbaji, mahali, tarehe na jina la wimbo. Faili lililoitwa "sauti mpya ya mwisho kabisa" ni kaburi lisilo na jina.

La nne, haki ya mwenye wimbo iheshimiwe. Mzee aulizwe kabla ya kurekodiwa, aelezwe kazi hiyo itapelekwa wapi, na apewe nakala yake katika chombo ambacho yeye na watu wa nyumbani kwake wanaweza kukisikiliza. Wimbo ukiingiza fedha, sehemu yake imfikie. Tuliwalaumu wageni waliochukua sauti za babu zetu wakaenda nazo. Itakuwa aibu kubwa tukifanya vivyo hivyo kwa babu zetu wenyewe, tena chini ya paa moja.

Yule kijana wa Remera bado anazo zile nyimbo nne. Hakuzifuta, nasi twamsifu kwa hilo. Amezipa jina la babu yake na tarehe, na hapo chini ameandika kwamba sauti imeharibika kwa kosa la waliokuwa wakirekodi. Wiki tatu zilizopita alitwita tena. Bibi yake, mjane wa yule mzee, alikuwa amekuja mjini kutibiwa, na usiku uliotangulia alikuwa ameimba jikoni mmoja wa zile nyimbo, kwa namna yake mwenyewe, bila inanga. Safari hii tulifika mapema. Godoro lilikuwa limekwisha kusimamishwa, chaja imechomolewa, na bibi akaombwa aimbe kwanza pale anapopaza sauti. Kijana alikitazama kipimo, akakiteremsha kitufe kidogo, akakiacha.

Sauti ilikuwa ndogo masikioni mwetu. Safari hii tulinyamaza.